Fundi, nitoe IFS niweke ekseli ya Land Cruiser?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Ngaramtoni hapa Arusha, nina Hilux Surf ya 1994 injini 1KZ, napeleka maji na vifaa vya kambi upande wa Longido na mara nyingine nafika mpaka Ngare Sero kule Natron. Shida yangu ni mbele. Kila baada ya miezi michache mipira ya sivi jointi (zile jointi zinazozungusha tairi za mbele huku zikikunja) inachanika, na gari ilikuwa imelala mbele nikakaza zile toshen ba ikainuka, ila sasa imekuwa ngumu kama mkokoteni. Kuna fundi kaniambia nitoe huo mfumo wote wa mbele wa kujitegemea (ndo IFS, kila tairi inapanda na kushuka peke yake), nichomelee ekseli nzima ya Land Cruiser, eti nitasahau matatizo. Ameshapata ekseli ya Land Cruiser 80. Nifanye? Na nikifanya niangalie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye ekseli, turudi kwenye hizo toshen ba ulizokaza maana naona hapo ndo mipira yako inapofia. Toshen ba ni chuma kirefu kinachojisokota, kazi yake ni ileile ya springi, na ukikikaza bolti hakiongezeki nguvu hata kidogo, unachofanya ni kuinua gari tu. Gari ikiinuka mikono ya mbele inaning'inia, sivi jointi inafanya kazi ikiwa imekunjwa muda wote, ule mpira unajisugua wenyewe kwa wenyewe unapata moto unachanika, grisi inatoka vumbi la Longido linaingia na hapo jointi yenyewe ndo imeanza safari ya kufa. Na ugumu unaousikia ni kwa sababu tairi haina tena nafasi ya kushuka, ikikuta shimo inashuka kidogo tu inagonga mwisho wake, dung! Kwa hiyo nusu ya ugonjwa wako umetengenezwa na spana, sio na Toyota.

Mi ningeanza hapo. Legeza toshen ba pande zote, pima kwa tepu kutoka katikati ya habu mpaka kwenye ukingo wa fenda, kulia na kushoto zilingane, weka mipira mipya na grisi ya kutosha na klipu nzuri (sio waya wa kufungia mabanda), alafu mwambie mtu akae kwenye usukani atikise kulia kushoto we ukiwa chini uangalie aidla amu, ule mkono unaoshika fimbo za usukani upande usio na boksi. Hiyo aidla amu kwenye Surf za umri wako ndo inachoka mapema, bushi yake ikilegea mbele kote kunacheza na watu wanalaumu kila kitu isipokuwa yenyewe. Kama mzigo ni mzito kila safari, tafuta toshen ba nene zaidi badala ya kuikaza nyembamba. Endesha hivyo miezi miwili kwenye njia zako zilezile. Mipira ikidumu umeokoa hela nyingi sana.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na bado unataka ekseli. Sikukatalii, maana kwa kazi yako sababu ipo. Kwenye gari ya kujitegemea tumbo la difu limefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo ukipakia madumu ya maji gari ikalala, na difu nalo linashuka kuelekea mawe. Kwenye ekseli nzima tumbo linakaa urefu uleule kutoka chini, upakie usipakie, kinachobadilisha urefu wake ni tairi tu. Alafu ukipita korongo, tairi moja ikipanda juu inaisukuma mwenzake chini, ile ya chini inaendelea kukanyaga ardhi, gari inaendelea kuvuta. Na vitu vya kuharibika ni vichache, hamna mikono minne na boljointi zake zote, sivi jointi imefichwa ndani ya nako (kile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi) kwenye bakuli la grisi. Toyota wenyewe wanajua hili, Land Cruiser 100 ilipotoka 1998 ikiwa na mbele ya kujitegemea walitoa na 105 yenye ekseli nzima kwa ajili ya nchi zenye barabara kama zetu, na zile za 70 zimeanza 1984 na mpaka leo zina ekseli nzima mbele. Ndo maana gari za utalii unazoziona zimepanga foleni hapa mjini asubuhi nyingi ni hizo.

Ila kuna unachopoteza na nataka ukijue kabla hujatoa hela. Ekseli nzima ni chuma kizito kinachoruka pamoja na tairi. Kwenye rasta, yaani vile vijituta vya barabara ya vumbi, ile njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka kwenda Natron unaijua, mbele itakuwa inachezacheza na usukani unahangaika zaidi kuliko ulivyozoea. Na gari itakaa juu zaidi, maana lazima ekseli ipate nafasi ya kupanda bila kugonga sampu ya injini, kwa hiyo kwenye kona za lami utapunguza mwendo, hilo halina mjadala.

Tuje kwenye hiyo ya 80. Ni ekseli nzuri sana, ina nguvu, lakini kwa Surf yako mi nasema hapana. Upana kutoka katikati ya tairi moja mpaka katikati ya nyingine kwenye 80 ni milimita 1595, bodi nzima ya Surf yako ni kama milimita 1690 tu, ukiongeza upana wa tairi zenyewe zitatokeza nje ya fenda pande zote na nyuma yako itabaki nyembamba. Nyingi zilitengenezwa kuvuta tairi zote nne muda wote, hazina habu za kufungua ili tairi ziachane na ekseli, kwa hiyo ukiwa kwenye tuu wili difu na propela ya mbele vinazunguka bure kutwa nzima mpaka utafute habu za kufunga kwa mkono. Na inakaa kwenye koili springi, maana yake ni mikono miwili mirefu ya kushika ekseli, na panadi rodi ya kuizuia isiende pembeni, na mabakuli ya koili, vyote hivyo vinatakiwa vichomelewe kwenye chesisi mahali sahihi kabisa. Ukikosea sentimita mbili ndo hapo gari inakuwa na akili yake.

Tafuta ekseli ya Hilux ya zamani, LN106, ile pikapu yenye springi za majani mbele. Ni ndugu wa gari yako, nati ni sita zilezile rim zako zinaingia, upana unakaribiana, na springi ya majani inaishika ekseli yenyewe, haihitaji mikono wala panadi. Unachomelea vishikio vya mbele na vya nyuma, basi. Jani likikatika hata Longido unapata mtu wa kukutengenezea. Ekseli ya hadtopu (Land Cruiser 70) ya zamani ya majani nayo inawezekana, ila angalia hizi za 70 za baada ya 1999 nyingi zimekuja na nati tano na mbele wameweka koili, usije ukauziwa ukafika nyumbani rim haziingii.

Kabla hujalipa ekseli yoyote pima vitu viwili. Cha kwanza, propela ya mbele kwenye transfa yako (lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) inatokea upande gani? Tumbo la difu lazima liwe upande huohuo, likiwa upande wa pili hamna fundi atakayekusaidia. Cha pili ni resho, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi zote mbili zikizunguka mara moja. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na resho moja, vinginevyo ukiweka foo wili mbele inataka kwenda mwendo wake na nyuma wake, zinavutana mpaka transfa inapasuka. Usiamini maneno ya muuzaji, hesabu mwenyewe. Kwa nyuma ya gari yako weka kabari tairi za mbele, inua tairi moja ya nyuma kwa jeki, ile nyingine ibaki imekanyaga, gia friii, hendibreki toa, chora alama ya chaki kwenye propela, zungusha ile tairi iliyo juu mizunguko 20 kamili huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka 41 resho yako ni 4.1, ikizunguka 43 ni 4.3. Ekseli iliyolala sokoni fanya hivyohivyo, habu moja izuiwe isizunguke, nyingine uizungushe. Ni dakika kumi tu lakini watu wanaziruka alafu wanakuja kulia.

Hapa kwenye usukani naomba unisikilize kuliko kote. Boksi la steringi la Surf yako lipo kwenye chesisi na mkono wake, yaani dropu amu, unacheza kulia kushoto, hiyo ni bahati kwako kwa sababu unaweza kupeleka dragi linki (fimbo ya kutoka kwenye mkono huo kwenda kwenye tairi) ikakatiza kutoka boksi upande mmoja kwenda nako ya upande wa pili, na dropu amu ya 80 inaingia kwenye boksi hilo. Dragi linki ikae imelala, karibu sambamba na ekseli gari ikiwa imesimama. Ikiwa na mteremko mkali, kila shimo unalopita usukani unajivuta wenyewe bila we kuugusa.

Na dropu amu haichomwi moto. Haipindwi. Haiungwi. Mwaka juzi ililetwa kwangu pikapu iliyobadilishwa ekseli kwenye gereji moja, mwenye gari analalamika usukani una kamchezo tu, nikainama nikaona dropu amu imepashwa moto ikapindwa ili ifike, na pale kwenye kona ya kupindia ina ufa unaopita nusu ya chuma. Yule kaka alikuwa ametoka Monduli na familia yake nyuma, watoto watatu. Nilikaa chini nikashindwa kuongea kwa muda. Chuma hicho kimefuliwa kiwandani kikapewa ugumu wake, ukikipasha kwa gesi umekitoa ule ugumu, na kikikatika huna usukani kabisa, sio mbovu, huna. Kama haifiki tafuta inayofika au sogeza boksi.

Kuhusu kasta, yaani ule mlalo wa nako kwenda nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Fundi wengi wakiona propela imekaa vibaya wanaizungusha ekseli ili pua ya difu iangalie transfa, propela inanyooka kweli, lakini kasta imekufa, gari inaenda inatafuta barabara kama imelewa. Na ukirudisha kasta pua inaangalia chini propela inapiga kelele. Vyote viwili ukivitaka njia ya kweli ni moja, kukata masikio ya nako kwenye bomba la ekseli na kuyageuza, kazi ya mtu mwenye vipimo na sio ya kukadiria kwa jicho. Kama huna mtu huyo basi chagua kasta kwanza, propela utaitafutia jointi mbili pale kwenye transfa.

Kuchomelea: toa betri kwanza maana 1KZ ina kompyuta ya pampu, umeme wa weldingi ukipita huko umeiua. Mwanzoni choma pointi tu, usimalize. Weka ekseli bila springi, ipandishe kwa jeki mpaka juu kabisa, zungusha usukani kulia mwisho kushoto mwisho, angalia nini kinagusa nini: sampu, propela, paipu za breki. Ishushe mpaka chini kabisa, angalia tena. Hizo paipu za mpira za breki lazima ziwe ndefu kiasi kwamba ekseli ikining'inia hazivutiki, na za zamani za Surf hazitatosha, nunua ndefu mpya usiunge. Ukisharidhika weka raba za kuzuia ekseli isigonge chesisi, ndo umalize kuchoma, kidogo upande huu kidogo upande ule ili chuma kisipinde. Na kwenye chesisi bati la kuongezea nguvu likatwe kama almasi, usipitishe mshono mmoja wima kutoka juu mpaka chini, chesisi itakuja kukatikia hapohapo.

Ukimaliza waandikie bima yako kwamba gari imebadilishwa mbele, na ipeleke kwa mkaguzi wa trafiki aione kabla hujaanza kupakia abiria wa kambi. Ikitokea ajali na bima hawajui, watakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama wa biashara Moshi, nina Prado ya 1998 nabeba ndizi na kahawa kutoka Kibosho na Uru. Mvua zikianza nakwama kila wiki. Kijana wangu anasema tuweke ekseli kama ya hadtopu. Ni kweli itasaidia?

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, usiruhusu. Prado hiyo usukani wake ni wa reki, hauna boksi, kwa hiyo ukiweka ekseli unaanza kujenga usukani mpya kutoka sifuri na gharama yake ni kubwa kuliko faida ya ndizi za msimu mzima. Na kinachokukwamisha kwenye udongo ule mwekundu wa mlimani ni tairi. Matope ya Kibosho yanajaza mifereji ya tairi ya lami likawa kama yai, hata ungekuwa na ekseli ya lori ungeteleza tu. Weka tairi za mudi nne zinazofanana, punguza upepo kidogo ukiwa kwenye matope na ujaze ukirudi lami. Alafu Prado yako inavuta tairi zote nne muda wote lakini ina loki ya katikati, inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja, muulize kijana wako kama anaifunga KABLA ya kuingia kwenye tope, sio baada ya kuzama, maana mara nyingi nakuta watu wana miaka mitano na gari hawajawahi kuigusa. Hela ikibaki weka loki kwenye difu ya nyuma, hiyo itakutoa kuliko ekseli yoyote.

SWALI: Fundi mambo vipi, mi ni dereva wa utalii, naendesha hadtopu ya koili mbele, bosi kaiinua mwaka huu. Nikitoka Makuyuni nikifika spidi 80 nikakanyaga kiraka tu, mbele inaanza kutetemeka usukani unanipiga mikono mpaka nisimame kabisa. Tumeweka stabilaiza ya usukani mpya ikatulia wiki mbili ikarudi.

JIBU: Poa kaka, na kwanza usibebe wageni na hiyo gari mpaka ipone, mwambie bosi nimesema mimi. Hiyo stabilaiza imeuficha ugonjwa wiki mbili, haikuutibu. Kuinua gari ya koili kunaizungusha ekseli, kasta inapungua. Kwenye 80, ambayo mbele yake imekaa hivyohivyo, kiwandani ni kama digrii 3, sasa ukiinua inchi mbili tatu bila kurekebisha unabaki na kidogo sana. Kuna bushi maalumu za kasta, tundu lake haliko katikati, zinaingia kwenye mikono ya ekseli na kuirudisha. Mngeziweka siku ileile mlioinua.

Ila kasta peke yake inafanya gari itangetange, kutetemeka kwa namna hiyo kunataka na kitu kilicholegea. Anza na panadi rodi: injini ikiwa inawaka mwenzako atikise usukani, we weka kidole kwenye maungio ya bushi zake, ukisikia bolti inahama kwenye tundu umempata. Bolti ikishakula tundu likawa yai, kukaza hakusaidii, tundu lijazwe na litobolewe upya. Alafu inua tairi, ishike juu na chini uitikise. Ikicheza mwambie mwenzako akanyage breki, mchezo huo ukiisha basi ni beringi za habu, ukibaki ni kingpini, zile pini za juu na chini ambazo nako inageukia. Kingpini fungua upime: nako ikiwa haina tairodi wala oili sili, ivute kwa mzani wa ndoano, inatakiwa iwe na uzito kidogo wa kugeuka, ikigeuka laini kama mlango mpya ina beringi zilizoisha au shimu (vile vibati vyembamba vya kurekebisha) zimezidi. Na ukiona ile grisi ya ndani ya nako imekuwa uji mweusi, ni oili ya difu imepita kwenye sili ya ndani, badilisha zote mara moja wakati mko ndani maana kufungua ndo kazi, sili zenyewe ni hela ndogo. Balansi ya tairi fanyeni mwisho, baada ya hayo yote, na mkimaliza rudisheni ile stabilaiza ya zamani mjaribu hapo Makuyuni bila abiria, ikitulia na stabilaiza mbovu ndo mjue imepona.